Kipimo cha usingizi nyumbani chahitaji lugha ya nyumbani

Kaka yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu Taita, na kwa zaidi ya miaka 10 jamaa yote imekuwa ikimcheka kwa sababu ya kukoroma. Wageni wanaolala kwake hutandikiwa chumba cha mwisho. Wanafunzi wake, ambao mara kadha wamemwona akisinzia kitini baada ya chakula cha mchana, walimpa lakabu ambayo adabu hainiruhusu kuiandika hapa. Yeye mwenyewe hakuudhika abadan. Alikuwa akijigamba kwamba hulala usingizi wa pono, na kwamba mtu anayekoroma ni mtu aliyeridhika na Mola wake.

Kicheko kilitukauka midomoni mwaka jana. Siku moja saa nane za mchana, alipokuwa akiteremka kwa gari lake kuukuu kutoka Wundanyi kuelekea Mwatate, katika barabara ile ya milimani yenye kona juu ya kona, alisinzia mikononi mwake usukani. Alizindukana gari likiwa limejikita katika kingo ya udongo upande wa juu. Lau lingaliacha njia upande wa pili, ningekuwa naandika tanzia wala si makala haya.

Daktari aliyemtazama alishuku jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria: kwamba usingizi wa kaka haukuwa usingizi. Akaagiza apimwe akiwa amelala, tena apimwe nyumbani kwake, kitandani mwake. Maadamu chombo chenyewe kilikodishwa Nairobi ninakoishi, mimi ndimi niliyekipakata garini hadi Voi, kisha nikapanda nacho milimani. Nilidhani kazi yangu ingekuwa ya utarishi tu. Kumbe ilikuwa kazi ya isimu.

Kabla ya kueleza kilichojiri, yafaa msomaji aelewe maradhi yenyewe. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kupita kiasi, njia ya hewa ikazibika, pumzi ikasita kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni katika damu hushuka, ubongo hushtuka, mtu akagutuka kidogo na kuvuta hewa kwa kishindo, kisha akalala tena bila ya kukumbuka lolote. Mambo haya yaweza kurudiwa mara mamia kwa usiku mmoja. Asubuhi mgonjwa huamka amechoka kuliko alivyolala, na shinikizo la damu aghalabu hupanda na kukataa kuteremka hata kwa dawa.

Hali hii ilikuwapo kabla ya kupata jina. Charles Dickens, katika riwaya yake ya The Pickwick Papers iliyotoka kati ya mwaka 1836 na 1837, alimchora kijana mnene aitwaye Joe ambaye hulala hata akiwa kazini, na mwaka 1956 madaktari wa Marekani waliazima jina la kitabu hicho kuita maradhi ya wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1965 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani walinasa kwa ala zao jinsi pumzi inavyosita usingizini. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, walitangaza tiba inayotumika hadi leo: mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisizibike.

Kwa muda mrefu kipimo kilifanyiwa maabarani, mgonjwa akilazwa usiku mmoja huku nyaya zimebandikwa kichwani, machoni, kidevuni, kifuani na miguuni. Hicho hadi sasa ndicho kipimo kamili. Lakini maabara za aina hiyo humu nchini ni chache, na mtu wa milimani huzifikia kwa safari ndefu na gharama nzito. Isitoshe, ni nani alalaye kama kawaida yake katika chumba cha ugeni, amefungwa nyaya, na mtu asiyemjua akimtazama? Ndiyo sababu kipimo cha nyumbani kimeenea ulimwenguni. Mwaka 2008 bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee ilikubali kukitambua kipimo hicho kabla ya kugharimia tiba, na tangu hapo kimekuwa jambo la kawaida.

Chombo chenyewe si cha kutisha. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa kifuani kwa mkanda. Mkanda huo hupima kifua kinavyopanda na kushuka. Puani huwekwa mrija mwembamba wenye vitundu viwili, nao hupima hewa inavyoingia na kutoka. Kidoleni hubanwa kile kibanio ambacho Wakenya wengi walikijua mwaka 2020 wakati wa Korona, nacho hupima oksijeni ya damu na mapigo ya moyo. Kisanduku hutumia betri, kwa hivyo hata umeme ukipotea, kama ulivyopotea usiku ule, kazi huendelea.

Sasa tuje kwenye lugha, ambako ndiko uliko moyo wa makala haya.

Fomu iliyoandamana na chombo ilikuwa ya Kiingereza kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Si kwamba kaka hajui Kiingereza. Amekifundisha kwa miaka mingi. Lakini usingizi hatuuishi kwa Kiingereza. Niliketi naye barazani pamoja na shemeji, nikawa nawauliza kwa Kiswahili.

"Kaka," nikaanza, "una tatizo la usingizi?"

"La hasha!" akanijibu. "Mimi na usingizi hatudaiani. Nikiegemea ukuta tu, umenichukua."

Nikataka kuandika kwamba hana tatizo, kalamu ikasita. Jibu lake lilikuwa ndilo ugonjwa wenyewe! Kosa halikuwa lake, lilikuwa la swali langu. Katika Kiswahili neno "usingizi" hubeba maana mbili. Twasema "nimepata usingizi" tukimaanisha ile hali ya kulala, na twasema "nina usingizi" tukimaanisha hamu ya kulala. Msikilizaji akiulizwa kuhusu "tatizo la usingizi" hufikiria kukosa usingizi, kwa kuwa hilo ndilo linalolalamikiwa. Anayelemewa na usingizi mchana kutwa hujiona amebarikiwa.

Tukaendelea. Moja katika sehemu za fomu ile ilikuwa orodha maarufu ya maswali manane iliyotungwa na Murray Johns wa Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 1991. Mgonjwa hutajiwa hali nane za maisha ya kila siku, naye hujipa alama kutoka 0 hadi 3 kwa kadiri anavyoelekea kusinzia katika kila hali. Jumla ya juu kabisa ni 24, na anayezidi 10 huhesabiwa kuwa ana usingizi kupita kiasi. Orodha hiyo ni fupi na imewafaa watu wengi duniani.

Hata hivyo, tazama inavyotua Taita. Inamwuliza mtu kuhusu kuketi akitazama televisheni; jirani wa kaka hana televisheni. Inamwuliza kuhusu kukaa mahali pa hadhara kama vile ukumbi wa maigizo. Kwetu mahali hapo ni kanisani, msikitini au kwenye baraza la chifu. Inamwuliza kuhusu kuwa ndani ya gari lililosimama kidogo kwa sababu ya msongamano. Wundanyi magari husimama kusubiri abiria. Mtu asiyeyaishi mambo hayo hujipa sifuri, na sifuri zikijumlishwa hutoa cheti cha uzima kwa mgonjwa mahututi. Anayefasiri maneno peke yake bila kufasiri maisha hajafasiri kitu.

Nilipomwuliza kaka kuhusu matatu iliyoegeshwa ikisubiri abiria, shemeji alidakia kabla yake. "Shemeji, mwandikie 3. Matatu ikisimama tu, huyu amekwenda!"

Nalo neno "kulala" lina mitego yake. Kwa Kiswahili mtu aliyejinyoosha kitandani amelala, ijapokuwa macho yake yamekodoa dari. Aliyeshikwa na usingizi naye amelala. Aliyepitisha usiku Mombasa naye amelala Mombasa, hata kama alikesha. Ukimwuliza mgonjwa "ulilala saa ngapi?" hujui amekujibu lipi katika hayo.

Kisha kuna "jinamizi". Kaka alitaja kwa aibu kwamba mara nyingine usiku jinamizi humkaba koo akaamka akitweta. Fomu ya Kiingereza iliuliza kuhusu kuamka ukikosa hewa, na hilo alikuwa amelijibu kwa kulikana. Kwake yeye kukosa hewa ni jambo la mwenye pumu, ilhali kukabwa na jinamizi ni jambo la mambo ya usiku, halimhusu daktari. Si kila jinamizi ni kuzibika kwa koo. Lakini daktari asiyelijua neno hilo hatapata nafasi ya kuchunguza ni lipi. Ushahidi ulikuwapo, ila ulivaa nguo ya Kiswahili, na mlangoni palikuwa na bawabu asiyejua ila Kiingereza.

Shahidi bora kuliko sote alikuwa shemeji. Mgonjwa huwa hayupo ugonjwa wake unapotokea. Mwenzake wa kitandani ndiye anayeuona. "Hukoroma, akakoroma," alisema, "kisha kimya. Kimya ambacho huniamsha mimi. Nahesabu moyoni, naogopa. Halafu hugutuka kama mtu aliyeopolewa majini." Maneno hayo yalieleza maradhi barabara, naye alikuwa ameyabeba kifuani miaka mingi bila ya kuulizwa.

Usiku ulipoingia nilimfunga kaka mkanda na mrija, akanicheka kwamba mimi ni daktari wa maneno nisije nikamtia kitanzi. Nikamwachia shemeji fomu ajaze muda wa kulala na wa kuamka. Palikuwa na visanduku viwili vya tarakimu. Asubuhi vilikuwa vimejazwa kwa mwandiko mzuri: 4 na 11. Yaani saa nne za usiku hadi saa kumi na moja za alfajiri, jumla saa saba. Sikuona dosari yoyote. Nami ndiye msomi!

Chombo kikarejeshwa, na kumbukumbu zake zikapelekwa kwa njia ya intaneti zisomwe na mtaalamu aliye ng'ambo. Wiki mbili baadaye jibu likarudi: kipimo hakikufaulu, kumbukumbu hazitoshi, kirudiwe, na malipo ni yale yale. Nilishangaa. Nilipoomba kuiona ripoti ndipo nilipong'amua. Mtaalamu yule alikuwa amezisoma zile tarakimu kwa saa za Kizungu, akaelewa kwamba kaka alilala saa kumi alfajiri na kuamka saa tano asubuhi. Chombo kilikuwa kimevuliwa saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo katika hesabu yake palikuwa na saa moja tu ya usingizi wa kupimwa, ilhali mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 unataka angalau saa nne za kumbukumbu safi.

Labda msomaji atauliza: mashine haikujua yenyewe mtu amelala saa ngapi? Hapo ndipo penye siri ya kipimo hiki. Kipimo cha maabarani hupima mawimbi ya ubongo, kwa hivyo hujua dakika mtu aliposinzia na alipozindukana. Chombo cha nyumbani cha aina tuliyopewa hakina nyaya za kichwani. Kinajua pumzi, hakijui usingizi. Idadi ya mara ambazo pumzi ilisita hugawanywa kwa saa, na saa hizo hutegemea kwa sehemu kubwa kauli ya mgonjwa na jamaa zake. Mtu akilala macho kwa saa mbili nazo zikahesabiwa, ugonjwa mkali huonekana hafifu. Kwa hiyo lugha ya fomu si pambo la kipimo, bali ni sehemu ya kipimo chenyewe, sawa na ule mrija na ule mkanda. Ukilegea mkanda, utaambiwa uukaze. Ikilegea lugha, nani ataikaza?

Niliandika barua kueleza hesabu ya saa za Waswahili: kwamba siku yetu huanza jua linapochomoza, na kwamba saa moja ya asubuhi ndiyo saba yao. Kumbukumbu zikasomwa upya. Katika saa 6 za usingizi, pumzi ya kaka ilisita au kufifia mara 234, yaani mara 39 kwa kila saa. Wataalamu huhesabu mara 5 kuwa mwanzo wa ugonjwa, na 30 kuwa ugonjwa mkali. Oksijeni yake, ambayo kwa kawaida ingekuwa karibu asilimia 95 au zaidi, iliteremka hadi 71.

Hata katika kutoa habari hiyo lugha ilituponza tena. Mhudumu aliyepiga simu alimwambia shemeji kwamba mumewe "hukata pumzi" mara 39 kwa saa. Shemeji aliketi chini. Kwa masikio yake, akatae pumzi ni kama akatae roho. Mimi napendekeza tuseme "kuzibikwa pumzi usingizini". Kinachozibika huzibuliwa, na neno lenyewe humpa mgonjwa tumaini na kumdokezea tiba. Wenzangu wa isimu wakiwa na istilahi bora zaidi, na waitoe. Uwanja ni wazi.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo: tarakimu mbili ziliandikwa vibaya, zikasahihishwa, basi. Nami nakiri kwamba kosa lile lingezuiwa na maneno mawili tu, "usiku" na "alfajiri". Lakini kaka alikuwa na ndugu wa kusoma ripoti na kuandika barua. Asiye na ndugu kama huyo angelipa mara ya pili, au, kama ilivyo hali ya wengi, angeshindwa kulipa na kurudi barabarani na usingizi wake. Wengine watasema mashine haina lugha. Hata hilo nalikana. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba vibanio vya kidoleni viliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wazungu, vikionyesha oksijeni ya kutosha ilhali damu imepungukiwa. Chombo nacho husomea ngozi iliyokizoesha.

Wala nisidhaniwe kwamba nakisifu kipimo cha nyumbani kuwa chafaa kila mtu. Mwenye ugonjwa mkali wa moyo au wa mapafu, aliyepatwa na kiharusi, au anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, hustahili maabara. Na anayeonyesha dalili zote kisha kipimo cha nyumbani kikasema hana kitu, asirudishwe nyumbani na furaha; apimwe kikamilifu.

Kwa walimu wenzangu nina neno la pekee. Mtoto anayesinzia darasani, au yule asiyetulia hata kidogo na kusahau alichofundishwa jana, mara nyingi hupewa adhabu kwa uvivu au utundu. Baadhi ya watoto hao hukoroma usiku kwa sababu ya kuvimba kwa tezi za kooni na za nyuma ya pua, na huamka wakiwa hawajapumzika. Vipimo vya nyumbani nilivyoeleza havipendekezwi kwa watoto, lakini swali la mwalimu kwa mzazi halihitaji chombo: "Je, mtoto huyu hukoroma? Hunyamaza kisha akagutuka?" Swali hilo laweza kumwokoa mtoto kuliko kiboko chochote.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili vyuoni, ambao kila mwaka huniuliza shahada yao itawafaa nini, hili ni jibu moja. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Uradidi wa kifungu hicho katika hotuba hautoshi. Nendeni hospitalini mkaketi na wauguzi. Fasirini fomu, kisha mpeni mtu mwingine airudishe kwenye Kiingereza bila kuona ya awali, mlinganishe. Isomeeni kwa wagonjwa wa Lamu, wa Kitui na wa Busia, msikilize wanachokielewa badala ya mnachokitaka. Wekeni kisanduku cha saa kilichoandikwa "usiku", "alfajiri" na "asubuhi". Wekeni nafasi ya jinamizi. Zaidi ya yote, wekeni ukurasa wa mwenzake wa kitandani.

Kaka sasa hulala na mashine ya hewa, ambayo sote tulichangia kuinunua. Majuma ya kwanza aliichukia, akaivua na kuitupa chini, na hata leo hulalamika kwamba humkausha pua. Shinikizo lake la damu bado latibiwa. Lakini amerejea barabarani, na shemeji aliniambia jambo ambalo sitalisahau: kwamba usiku wa kwanza nyumba iliponyamaza, yeye hakulala hata kidogo. Alikesha akisikiliza, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo kimya kilikuwa ishara ya hatari.

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Katika jambo hili niruhusiwe kuwapinga. Mwenye kukoroma, akanyamaza, kisha akagutuka, mwamsheni, mmpeleke kwa daktari, na mkifika huko msidai dawa peke yake. Daini pia kuulizwa kwa lugha mnayoielewa.